Maswali ya Wasomaji: Mashine ya Mbali Inapoupima Msimbo Wako

Barua nyingi zilizotufikia safari hii zilihusu huduma za mtandaoni za uunganishaji wa mfululizo, zile ambazo waandishi wa programu huziita kwa kifupi CI. Mwandishi anasukuma badiliko kwenye hazina ya msimbo, na mashine iliyo mbali, asiyoimiliki, inalichukua, inaijenga programu, inaendesha majaribio, kisha inamletea taarifa ya kufaulu au kushindwa. Barua tumezifupisha, na zile zilizouliza jambo moja tumeziunganisha.

Ndugu Mhariri, sisi ni waandishi watatu wa programu moja, na kila mmoja wetu huendesha majaribio yote kwenye kompyuta yake kabla ya kusukuma msimbo. Mwenzetu mmoja anashikilia kwamba lazima tujiunge na huduma ya CI. Tutapata nini ambacho hatuna sasa?

Mtapata mambo mawili, na la kwanza ndilo kubwa. Kila mmoja wenu anapojaribu msimbo wake, anajaribu toleo ambalo halina mabadiliko ya wenzake ya siku hiyo. Tuseme mmoja amebadilisha jina la kitendakazi na kurekebisha kila mahali kilipoitwa; majaribio yake yatafaulu. Mwingine, saa hiyohiyo, ameongeza sehemu mpya inayokiita kitendakazi hicho kwa jina la zamani; majaribio yake nayo yatafaulu. Git, programu inayotunza historia ya msimbo, itayaunganisha matawi yao mawili, yaani mikondo yao miwili ya kazi, bila kulalamika, kwa kuwa hakuna mstari ulioguswa na wote wawili, na programu itakuwa imeharibika ingawa kila mmoja alitimiza wajibu wake. Kosa la namna hiyo huonekana pale tu muungano wenyewe unapojengwa na kujaribiwa, na hiyo ndiyo kazi ambayo huduma hizi huifanya bila kungoja mtu akumbuke.

La pili ni usafi wa mashine, na hilo tutalieleza kwa kirefu katika jibu linalofuata.

Hata hivyo, msinunue chombo mkidhani mmenunua tabia. Desturi hii ilitangulia huduma zenyewe kwa miaka mingi: mhandisi wa programu Grady Booch alilitumia jina la uunganishaji wa mfululizo mwaka 1991, na mwishoni mwa miaka ya 1990 wafuasi wa mbinu ya kuandika programu iitwayo Extreme Programming walilifanya kuwa sharti kwamba kila mtu aunganishe kazi yake na ya wenzake mara kadhaa kwa siku. Vyombo vilikuja baadaye. CruiseControl ilitoka kampuni ya ThoughtWorks mwaka 2001, kisha Kohsuke Kawaguchi, akiwa kampuni ya Sun Microsystems, akatoa Hudson mwaka 2005, ambayo tangu 2011 tunaijua kwa jina la Jenkins. Vyote hivyo vilidai seva yenu wenyewe na mtu wa kuitunza. Ni mwaka 2011 hivi, Travis CI ilipoanza Berlin na CircleCI nayo ilipoanzishwa, ndipo ilipowezekana kuweka faili dogo la usanidi ndani ya hazina na kuuachia mzigo uliobaki mtoa huduma; GitHub Actions, huduma ya CI ya GitHub, tovuti ya kuhifadhia hazina za msimbo, ilifunguliwa rasmi kwa watu wote Novemba 2019. Kwa hiyo timu inayoacha matawi yakae wiki tatu bila kuunganishwa haifanyi uunganishaji wa mfululizo, hata kama kila tawi lina alama ya kijani, ile ya majaribio kufaulu. Kama ninyi watatu mnaunganisha kila siku, huduma itawafaa tangu siku ya kwanza. Kama hamfanyi hivyo, anzeni na hilo kwanza, halina gharama.

Mhariri, shikamoo. Mimi ni mwanafunzi wa uhandisi wa programu. Majaribio yangu yote hufaulu kwenye kompyuta yangu ya mkononi, lakini kila nikisukuma msimbo, huduma ya CI huniletea alama nyekundu. Nimelibadilisha faili la usanidi mara nyingi bila mafanikio. Nianzie wapi?

Marahaba. Anza kwa kuliacha faili la usanidi lilivyo, kwa sababu mara nyingi tatizo haliko humo. Mashine uliyopewa iliundwa dakika chache zilizopita na itafutwa kazi ikiisha. Ni kama mgeni aliyeachiwa jiko la watu na karatasi ya maelekezo: atapika kilichoandikwa, na kisichoandikwa hakitapikwa. Kompyuta yako, kinyume chake, imekusanya kwa miezi mambo ambayo umeshayasahau: maktaba uliyoisakinisha kwa mkono siku moja ukiwa na haraka, faili ambalo Git haijaambiwa ilichukue, kigeu cha mazingira kilichomo kwenye faili la kuanzishia ganda la amri, hifadhidata iliyokwisha kujazwa data. Alama nyekundu inakuambia kwamba programu yako inategemea kitu ambacho hukukitaja popote.

Kabla ya kitu kingine, fungua logi, yaani kumbukumbu ya yote yaliyotokea kazi ikiendeshwa, na utafute kosa la kwanza. Macho hukimbilia mwisho wa logi kwa kuwa huko ndiko kulikoandikwa kwamba kazi imeshindwa, lakini makosa ya mwisho kwa kawaida ni matokeo ya lile la kwanza, ambalo pengine limejificha mistari mia tatu juu. Kisha fanya jaribio rahisi kuliko yote: nakili hazina yako upya kwenye folda tupu ya kompyuta yako, ufuate maelekezo uliyoyaandika wewe mwenyewe, bila kuongeza wala kupunguza. Sehemu kubwa ya matatizo ya namna hii hujitokeza hapo hapo, bila hata huduma kuhusika.

Yasipojitokeza, kuna washukiwa wa kawaida. Ukitumia Windows au macOS, mfumo wako kwa mipangilio yake ya kawaida hautofautishi herufi kubwa na ndogo katika majina ya mafaili, ilhali mashine nyingi za huduma hizi hutumia Linux, ambayo hutofautisha. Faili linaloitwa Mteja.js halitapatikana ukiliita mteja.js. Mshukiwa mwingine ni saa. Mashine hizo kwa kawaida huwekwa katika saa za UTC, saa ya kimataifa ya marejeo, na jaribio linalochukulia kwamba "leo" ni tarehe ya mahali ulipo linaweza kufaulu mchana kutwa na kushindwa kwa saa chache za usiku, wakati tarehe zenu zinapopishana. Anayeona jaribio linaloanguka usiku tu na aanzie hapo.

Kuna pia matoleo ya vitegemezi, yaani maktaba za watu wengine ambazo programu yako huzitumia. Usipoyafunga, mashine safi itachukua matoleo mapya kabisa yaliyopo siku hiyo, nawe bado unatumia yale uliyosakinisha mwezi uliopita. Ndiyo sababu faili la kufungia matoleo linapaswa kuwemo ndani ya hazina, na ndiyo sababu watumiaji wa npm, chombo cha kusakinishia maktaba za JavaScript, wanashauriwa kutumia amri ya npm ci kwenye mashine ya mbali badala ya npm install: ya kwanza hufuata faili la kufungia kama lilivyo na kukataa kuendelea likipingana na orodha ya vitegemezi, ya pili inaweza kulibadilisha.

Mshukiwa ambaye watu humsahau ni historia fupi ya Git. Ili kuokoa muda, huduma nyingi hazichukui historia yote ya hazina. GitHub Actions, usipoiambia vingine, huchukua badiliko la mwisho peke yake; GitLab, tovuti nyingine ya aina hiyo, kwa miradi mipya, huchukua mabadiliko 20. Kama programu yako hujitungia namba ya toleo kwa kusoma lebo za Git, zile zinazobandikwa kwenye badiliko ili kulitaja kwa jina la toleo, haitazikuta, na itashindwa kwa ujumbe ambao hautaji Git hata kidogo. Dawa ni mstari mmoja wa usanidi unaoomba historia kamili.

Ukifika hapa bila jibu, chukua picha ya kontena, yaani mazingira ya kuendeshea programu yaliyofungashwa tayari, inayofanana na mashine ile, uendeshe amri zilezile ndani yake kwenye kompyuta yako. Huduma nyingine, kama CircleCI, hukuruhusu kuingia kwa SSH, njia salama ya kutoa amri kutoka mbali, kwenye mashine ambayo kazi imeshindwa ukaangalia kwa macho yako. Njia zote hizi ni bora kuliko kusukuma mabadiliko ishirini yenye ujumbe wa "jaribu tena", ambayo hula muda wa kungoja na kuacha historia ambayo wewe mwenyewe hutapenda kuisoma.

Na jambo moja la kudumu: amri za kujenga na kujaribu ziandike kwenye skripti iliyomo ndani ya hazina, kisha faili la usanidi la huduma liiite skripti hiyo tu. Hapo utakuwa na maelekezo ya aina moja kwako na kwa mashine, nawe utaweza kuyajaribu bila kusukuma chochote.

Ndugu Mhariri, niliandika kwenye faili la usanidi kwamba nataka Python 3.10. Huduma inasisitiza kwamba haiwezi kupata Python 3.1. Je, imeharibika?

Haijaharibika. Mafaili hayo huandikwa kwa YAML, lugha ya kuandikia usanidi, na YAML ikiona 3.10 bila alama za kunukuu huichukulia kuwa namba ya desimali, na kwa hesabu 3.10 na 3.1 ni kitu kimoja. Andika "3.10" ndani ya alama za kunukuu. Waandishi wengi walinaswa na jambo hili toleo hilo lilipotoka Oktoba 2021, kwa sababu kuanzia 3.6 hadi 3.9 uandishi usio na alama ulikuwa ukifanya kazi bila shida. Nukuu kila namba ya toleo, hata ile isiyodai.

Mheshimiwa Mhariri, tunatunza programu huria inayopokea michango kutoka kwa watu tusiowafahamu. Tungependa huduma ya CI ichapishe matoleo mapya yenyewe, na kwa hiyo inahitaji funguo zetu za kuchapishia. Je, ni salama kuzikabidhi kwa kampuni nyingine?

Swali lenu lina hatari mbili ndani yake, nazo zitenganishwe: mtoa huduma kuvamiwa, na mgeni kuitumia huduma dhidi yenu.

Kuhusu ya kwanza, lichukulieni kuwa ni jambo linaloweza kutokea. Tarehe 4 Januari 2023 CircleCI iliwatangazia wateja wake wabadilishe kila siri waliyokuwa wameihifadhi humo, baada ya programu hasidi kuingia kwenye kompyuta ya mhandisi wake mmoja mwezi Desemba na kuiba kikao chake alichokuwa amekwisha kujithibitisha. Hapakuwa na la kufanya kwa mteja ila kubadilisha funguo zote, na aliyeumia zaidi ni yule ambaye hakuwa na orodha ya funguo alizoziweka na wapi zinatumika. Tunzeni orodha hiyo. Ufunguo mnaoukabidhi uwe wa kazi moja: ule wa kuchapisha kifurushi kimoja usiwe na uwezo wa kufuta vingine wala kusoma hazina nyingine. Na pale inapowezekana msikabidhi ufunguo kabisa. Watoa huduma wakubwa wa CI na wa wingu siku hizi huelewana kwa itifaki ya OIDC, ambapo kazi inapoanza hujitambulisha kwa hati iliyosainiwa inayosema ni ya hazina gani na tawi gani, na upande wa pili huipa kibali cha muda mfupi ambacho hufa chenyewe. Ufunguo usiohifadhiwa popote hauwezi kuibwa kutoka ghalani.

Hatari ya pili ndiyo inayoinyemelea zaidi miradi huria. Kazi ya CI, kwa asili yake, ni kuendesha msimbo ulioandikwa na mtu mwingine. Mgeni akituma ombi la kuunganisha badiliko, anaweza kuwa amebadilisha jaribio moja ili lisome vigeu vya mazingira na kuvituma kwake. Kwa sababu hiyo GitHub Actions haizitoi siri za hazina kwa maombi yanayotoka kwenye nakala za watu wengine, na huo ni ulinzi mzuri mradi usiuondoe kwa mkono wako. Wengi huuondoa bila kujua, kwa kutumia tukio liitwalo pull_request_target, ambalo huendeshwa kwa haki za hazina kuu pamoja na siri zake, kisha wakaamuru msimbo wa mgeni uchukuliwe na kuendeshwa humo humo. Mkiona mchanganyiko huo kwenye faili lenu, uondoeni leo. Kazi ya kujaribu michango na kazi ya kuchapisha zitenganishwe kabisa: ya kwanza isiwe na siri hata moja, ya pili iendeshwe kwenye tawi kuu au kwenye lebo ya toleo tu, tena baada ya mtu mmoja wa timu kuidhinisha.

Kuna mlango wa tatu ambao hamkuuliza lakini hauwezi kuachwa: vipande vya usanidi vilivyoandikwa na watu wengine ambavyo mnaviita ndani ya faili lenu. Mwezi Machi 2025 kipande kiitwacho tj-actions/changed-files, kilichokuwa kikitumiwa na hazina zaidi ya 23,000, kilivamiwa. Mvamizi alizielekeza lebo zake za matoleo kwenye msimbo mwovu, nao ukazitapika siri za mashine ndani ya logi. Huduma kwa kawaida huzificha siri kwenye logi kwa nyota, ila hufanya hivyo kwa kulinganisha maandishi, na msimbo ule ulikuwa umezisimba siri kwa base64, njia ya kuandika data kwa herufi nyingine, mara mbili, kwa hiyo zilipita bila kutambuliwa. Walionusurika ni wale waliokiita kipande hicho kwa alama kamili ya badiliko, ile ya herufi na tarakimu 40, badala ya lebo. Lebo huweza kusogezwa, alama hiyo haiwezi. Miaka minne kabla, mwaka 2021, skripti ya Codecov ya kupakia taarifa za majaribio ilibadilishwa na wavamizi mwishoni mwa Januari na haikugunduliwa hadi Aprili 1. Miradi mingi ilikuwa ikiipakua na kuiendesha moja kwa moja katika kila kazi, bila kukagua kama ni ileile ya jana.

Kwa hiyo jibu ni ndiyo, inawezekana kwa usalama wa kuridhisha, na kwa maoni yetu ni salama kuliko kuchapisha kutoka kwenye kompyuta ya mtunzaji mmoja ambayo hakuna anayejua ina nini ndani. Ila siku ya kuweka ufunguo, wekeni pia tarehe ya kuubadilisha.

Ndugu Mhariri, tuko kwenye mpango wa bure, na kila mwezi dakika zetu huisha kabla ya mwezi kuisha. Tunapaswa kulipa, au kuna tunalokosea?

Hesabuni kwanza zinakokwenda. Mpango wa bure wa GitHub kwa miaka mingi umetoa dakika 2,000 kwa mwezi kwa hazina za faragha, na ule wa GitLab dakika 400. Hazina za wazi kwenye GitHub hazihesabiwi dakika kwa mashine za kawaida. Lakini dakika hazikuwa na uzito mmoja: katika hesabu ya mgao huo, dakika moja ya Windows ilikula mbili na ya macOS ilikula kumi. Isitoshe, kila kazi hukamilishwa kwenda dakika nzima, kwa hiyo mtu aliyegawa ukaguzi wake katika kazi kumi na mbili za sekunde kumi kila moja hutozwa dakika kumi na mbili kwa shughuli ya dakika mbili. Ziunganisheni kazi ndogo. Majaribio ya macOS yaendesheni kwenye tawi kuu pekee, si kwa kila badiliko la kila tawi. Mtu akisukuma badiliko jipya kwenye tawi lilelile, kazi ya badiliko la zamani ikatishwe yenyewe. Mipangilio hiyo ipo kwenye huduma zote kubwa. Badiliko lililogusa nyaraka tu halina haja ya kujenga programu nzima.

Wekeni pia kikomo cha muda. GitHub Actions huiachia kazi hadi saa sita kabla ya kuikatisha msipoiambia vingine, na jaribio moja lililokwama likingoja jibu la mtandao laweza kumaliza dakika 360 usiku mmoja mkiwa mmelala.

Kache, yaani akiba ya vitegemezi vilivyokwisha kupakuliwa, husaidia, ila kwa kiasi. Ufunguo wa kache ufungamanishwe na faili la kufungia matoleo, ili vitegemezi vikibadilika kache ya zamani iachwe. Vinginevyo mtarudi kwenye mashine yenye kumbukumbu za zamani na kupoteza ule usafi uliowafanya mje huku. Pimeni pia kama inawafaa kweli: kupakua na kufungua kache kubwa wakati mwingine huchukua muda mrefu kuliko kusakinisha upya, na wachache sana ndio wanaokumbuka kulinganisha.

Mkishafanya hayo na dakika bado hazitoshi, lipeni. Muda wa waandishi wanaokaa wakingoja ni ghali zaidi. Mbinu ya Extreme Programming iliweka dakika kumi kuwa kikomo cha ujenzi na majaribio, na hatujaona sababu ya kukibadilisha. Mtu aliyengoja zaidi ya hapo huwa ameshahamia kwenye kazi nyingine.

Mkishangaa kwa nini ukarimu wa zamani umepungua, sababu mojawapo ni wachimbaji wa sarafu za kidijitali, waliofungua akaunti za bure kwa wingi ili watumie mashine za watu kuchimbia. Travis CI ilibana mpango wake wa bure Novemba 2020, na kuanzia Mei 2021 GitLab iliwataka watumiaji wapya wa bure waoneshe kadi ya benki kabla ya kutumia mashine zake.

Mhariri, tuna majaribio mawili matatu yanayoanguka bila mpangilio. Desturi yetu ni kubonyeza kitufe cha kurudia hadi yapite. Mkuu wetu wa kazi anasema hakuna ubaya. Je, ana haki?

Ana haki kwa jambo moja, kwamba tatizo hilo si lenu peke yenu. Mwaka 2016 Google ilieleza kwamba karibu asilimia 16 ya majaribio yake yalikuwa na kiwango fulani cha kuyumba, yaani kufaulu mara moja na kushindwa mara nyingine bila msimbo kubadilika, na kwamba asilimia 1.5 hivi ya maendesho yote yalitoa jibu la kuyumba. Kampuni yenye wahandisi wote wale haikuweza kuyamaliza.

Kuhusu kitufe, hatukubaliani naye. Timu iliyozoea kurudia haisomi tena logi. Alama nyekundu kwao imekuwa usumbufu, na siku jaribio hilohilo litakapoanguka kwa sababu ya kosa la kweli, litarudiwa kama kawaida na kosa litapita mlangoni. Zaidi ya hapo, jaribio linaloyumba si lazima liwe na kasoro lenyewe. Wakati mwingine programu ndiyo inayoyumba: nyuzi mbili za utekelezaji zinagombania data moja, na mashine ya mbali, yenye viini vichache na majirani wengi, inalifichua hilo mara nyingi kuliko kompyuta yako yenye nguvu.

Yaondoeni majaribio hayo kwenye kundi linalozuia uunganishaji, yawekwe kando yakiendelea kuendeshwa, kila moja likiwa na mtu aliyekabidhiwa na tarehe ya mwisho. Kisha tafuteni chanzo. Palipoandikwa "lala sekunde mbili" pasubiriwe hali yenyewe itimie. Palipoitwa seva ya nje, pawekwe kiigizo chake. Yaendesheni pia kwa mpangilio wa nasibu, mkiihifadhi mbegu ya nasibu hiyo, yaani namba inayouzalisha mpangilio, kwenye logi ili mpangilio uliosababisha anguko uweze kurudiwa; mara nyingi mtakuta jaribio moja linategemea takataka zilizoachwa na lililotangulia. Lisiloponyeka ifikapo tarehe yake lifutwe, kwa kuwa jaribio lisiloaminiwa na mtu halilindi chochote.

Ndugu Mhariri, hazina yangu ya wazi ilikuwa ikiendesha majaribio kila usiku kwa ratiba. Yamekoma yenyewe bila kosa lolote.

Kama ni GitHub Actions, ratiba za hazina za wazi huzimwa zikipita siku 60 bila shughuli yoyote kwenye hazina. Ingia uiwashe tena kwa mkono. Ukiwa humo, isogeze ratiba kutoka dakika ya sifuri ya saa hadi dakika nyingine, tuseme ya 17, kwa sababu mwanzoni mwa kila saa foleni huwa ndefu na kazi hucheleweshwa. Kumbuka pia kwamba saa za ratiba husomwa kwa UTC usipoweka vingine.

Mheshimiwa Mhariri, mtoa huduma wetu amebadilisha masharti na tunafikiria kuhama. Wengine wanapendekeza tuweke mashine yetu wenyewe ili tusihamishwehamishwe tena. Mnashauri nini?

Miradi huria iliyokuwa travis-ci.org inaijua hali hiyo: kampuni ya Travis CI ilinunuliwa na kampuni ya Idera Januari 2019, na tovuti hiyo iliyohudumia miradi huria bure ikafungwa katikati ya mwaka 2021. Waliohama kwa urahisi ni wale ambao faili lao la usanidi lilikuwa na mistari michache inayoita skripti zao. Waliokuwa wameandika mantiki yote ya ujenzi kwa lugha ya mtoa huduma walilazimika kuiandika upya. Kwa hiyo kabla ya kuchagua mnakokwenda, toeni kwanza amri zote kwenye faili la sasa mzipeleke kwenye skripti, mkiwa bado mahali mnapopafahamu, mhakikishe kwamba kila kitu kinafaulu kama zamani. Kuhama kutakuwa kumebaki kidogo.

Mashine yenu wenyewe ina haki yake pale mnapohitaji kifaa ambacho huduma haina, au data isiyoruhusiwa kutoka nje. Msiiweke kwa ajili ya kukwepa ada tu, maana ada hiyo mtailipa kwa muda wa mtu wa kusasisha mfumo, kufuta diski zinazojaa, na kuamka inapozimika. Na kama hazina yenu ni ya wazi, msiiunganishe kabisa na mashine iliyo ndani ya mtandao wenu: mgeni yeyote anayetuma ombi la kuunganisha anaweza kuendesha msimbo wake humo, na mashine isiyofutwa baada ya kazi itautunza msimbo huo hadi kazi ifuatayo. Kuna njia ya katikati ambayo tunaipendelea, nayo ni kuendelea na mashine za kukodi kwa kazi zote za kawaida na kubakiza mashine yenu kwa ile kazi moja inayoihitaji kweli, ikiendeshwa kwenye tawi kuu la hazina ya faragha.

Mkishahama, endesheni mikondo yote miwili sambamba kwa muda, wa zamani na mpya, na palipo na tofauti ya matokeo mtafute sababu kabla ya kuzima wowote. Kisha nendeni kwa mtoa huduma wa zamani mkafute siri mlizozihifadhi, mwondoe idhini yake ya kusoma hazina zenu, na mbadilishe kila ufunguo aliowahi kuushika.